Wenye Mnyororo Hunywa Chai Mwisho

Mwalimu Zuhura, yule anayewafundisha Kiswahili kila Jumamosi pale Ilford, ametuomba sisi wazee tuandike habari za kazi tulizofanya, ili mpate kitu cha kusoma kisichotoka kwenye vitabu vya shule. Naambiwa mmekwisha kusoma habari za uuguzi, na za kuendesha basi. Sasa ni zamu yangu. Najua mtakisoma Kiswahili changu halafu mtaulizana maana yake kwa Kiingereza. Si kitu, wajukuu zangu, ulizaneni tu.

Mimi nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutunza viwanja vya chuo kimoja kidogo kusini mwa London, si mbali na Croydon, palepale ambapo wazazi wenu wengi walipanga foleni ya uhamiaji na karatasi zao mkononi. Kazi hiyo haina hadithi. Majani yanaota, unakata, yanaota tena. Ya pili hakuna aliyeniajiri, lakini ndiyo ninayoiona kuwa kazi yangu hasa. Nilishika fimbo ya mnyororo katika mpira wa Kimarekani, kwenye mashindano ya vyuo vidogo yanayoitwa Birika. Niliishika tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi mpaka goti lilipogoma, mwaka jana.

Ngojeni kwanza niwaeleze mchezo wenyewe, maana najua makwenu mnatazama soka tu. Mpira wa Kimarekani una ncha mbili, na huchezwa kwa mikono. Timu hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi mbele. Wakifika, wanapewa manne mengine. Wasipofika, wenzao wanauchukua. Mchezo mzima ndio huo, kelele nyingine zote ni mapambo. Sasa nani anajua yadi kumi zimeishia wapi? Ndio sisi. Pembeni mwa uwanja husimama watu watatu. Wawili wanashika fimbo ndefu zilizounganishwa kwa mnyororo wa yadi kumi, mmoja nyuma, mmoja mbele. Wa tatu anashika kibao cha namba kinachoonyesha hili ni jaribio la ngapi. Pakitokea ubishi refa hutuita, tunaingia na mnyororo wetu mpaka ulipo mpira, tunaunyoosha, na kila mtu anaona kwa macho yake.

Niliingia kwenye kazi hiyo kwa kuchekwa. Chuo kiliniambia kwamba fainali ya Birika itachezwa kwenye uwanja wangu, nikapewa karatasi yenye mchoro, nikaambiwa nipige mistari. Mimi nilikuwa na utepe wa mita. Yadi nilizijua za vitambaa tu, za dukani Tanga, tena za mwuza duka aliyekuwa akivuta kitambaa ili kionekane kirefu. Nikasema moyoni, mita na yadi, tofauti itakuwa kidogo tu. Nikapiga mistari yangu mizuri, myeupe, imenyooka, na uwanja ukaenda ukaenda mpaka ukaingia kwenye ua wa miiba. Nikadhani mchoro ndio umekosewa.

Asubuhi ya fainali akaja Mhindi mmoja mfupi, amevaa kofia ya sufu mpaka masikioni, na mnyororo begani. Akautandaza chini kwenye mistari yangu, akautazama, akanitazama mimi. Halafu akaniambia kwa Kiswahili safi cha mtaani, "Bwana, hapa umepima uwanja au umepima shamba la mkonge?"

Huyo ndiye Kantibhai. Alizaliwa Kariakoo, Dar es Salaam, akaja huku kijana, na alikuwa na duka la misumari na mabomba pale Tooting. Alikuwa ndiye mkuu wa mnyororo wa Birika. Ilibidi tupige mistari upya, yeye na mimi, wachezaji wakiwa wamekaa kwenye majani wanatupigia miluzi. Tulipomaliza, yule mtu wa fimbo ya mbele alikuwa hajatokea. Kantibhai akanipa fimbo. Sikuwa najua lolote, na nilikuwa nimelowa rangi nyeupe mpaka kwenye nyusi. Nikaishika.

Kuhusu Birika lenyewe, mambo mengi nilihadithiwa na yeye. Vyuo vikuu vina mashindano yao, vina mabasi na madaktari wao. Vyuo vidogo havikutakiwa huko kwa sababu vilishindwa kupata wachezaji wa kutosha. Basi mwalimu mmoja Mmarekani, aliyekuwa akifundisha historia katika chuo cha ualimu, akaviita vyuo vidogo vikutane vyenyewe kwa vyenyewe. Vijana wa chuo cha kilimo walikuja ndani ya lori la kubebea kondoo, na walinuka hivyo hivyo. Chuo cha sanaa kila mchezaji alipaka helmeti yake rangi aipendayo, wakashindwa kutambuana, wakawa wanawarushia mpira maadui. Kantibhai akifika hapo katika kuhadithia alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno.

Fainali ya kwanza ilipokwisha ndipo walipogundua kwamba hakuna aliyekumbuka kununua kombe. Mpishi wa chuo akaingia jikoni, akatoka na birika kubwa la aluminiamu lililojaa chai, akalitua mezani. Yule Mmarekani akasema walioshindwa ndio wamiminiwe kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaohisi baridi zaidi. Imebaki hivyo hadi leo. Walioshindwa hunywa kwanza, kisha washindi, kisha marefa, na mwisho kabisa wenye mnyororo. Jina la chuo kilichoshinda huchorwa kwa msumari tumboni mwa birika. Siku hizi nusu ya vyuo vilivyochorwa pale havipo tena. Kimoja kimemezwa na chuo kikuu. Kingine kimegeuzwa fleti, na nikipita kwa tramu naona watu wameanika nguo mahali ambapo vijana wale walikuwa wakiimba.

Sasa niwafundishe kazi, maana ndilo nililoombwa.

Kwanza, usiing'ang'anie fimbo. Siku yangu ya pili lijana moja likaja mbio kuelekea pembeni, nami nikaikaza fimbo kwa mikono yote miwili kama askari. Nilijiona shujaa. Tuliviringika wote pamoja mpaka kwenye ndoo ya maji. Kantibhai alinifuta matope usoni kwa skafu yake akaniambia, "Fimbo ikianguka tutaiokota. Wewe ukianguka, mke wako atanidai mimi." Kwa hiyo wachezaji wakija upande wako, iangushe chini, rudi nyuma, usione haya.

Pili, kibanio. Hiki ni kichuma kidogo tunachokibana kwenye mnyororo mahali unapokatiza mstari wa uwanja. Pasipo kibanio, mkiubeba mnyororo kuuingiza ndani hamtajua mlikuwa mmeanzia wapi, na upimaji wenu unakuwa ramli. Kibane kabla hujapumua.

Tatu, usisogee mpaka refa akwambie. Watu wote uwanjani wanaweza kukimbia kushangilia, wewe baki na fimbo yako pale pale. Mimi jambo hili lilinipa taabu, kwa sababu mtunza uwanja akiona kitu kimekaa vibaya hukiweka sawa.

Nne, mchezo ukiisha osha mnyororo kwanza. Kabla ya chai, kabla ya salamu, kabla ya kwenda haja. Matope yakikauka kwenye pete zake mnyororo unakakamaa na kuwa mfupi, na mnyororo mfupi ni uongo. Kantibhai alikuwa haguswi wala hasemeshwi mpaka mnyororo umeoshwa, umepanguswa, umekunjwa kwenye gunia lake. Chai ikimfikia imekwisha kupoa zamani.

Na la tano ndilo kubwa. Mwenye mnyororo hana timu. Hapigi makofi, hacheki, hanuni, hasemi na mchezaji, hageuki kuwatazama watazamaji. Macho yake yako kwenye mpira na uso wake ni kama ukuta. Kantibhai alisema watu wanaweza kumtukana refa wakarudi nyumbani wakalala, lakini wakiushuku mnyororo hakuna mchezo tena. Ndiyo maana tunakunywa chai mwisho. Hatuko upande wowote, kwa hiyo hakuna anayetukumbuka.

Wa tatu wetu alikuwa Mueni, muuguzi kutoka Machakos, ambaye Jumapili zake za mapumziko alizitoa kwa ajili ya kibao cha namba. Sisi watatu tulikuwa tukizungumza Kiswahili kwenye mstari. Kocha mmoja alilalamika kwamba tunapeana siri za timu yake kwa lugha ya mafumbo. Refa akaja kutuuliza. Kusema kweli tulikuwa tukibishana kuhusu matembele, Mueni anasema yasitiwe nazi, Kantibhai na mimi tunashangaa mtu mzima anasema nini huyo.

Hizo zilikuwa siku njema. Mke wangu Mwanaisha alikuwa akikaa jukwaani, amejifunga khanga juu ya koti zito, ana flaski ya chai ya tangawizi na maandazi ndani ya bakuli. Mwanetu Shabani alikuwa naye. Shabani ni mwanetu wa pekee, amezaliwa hapa hapa. Alikuwa kama ninyi, ukimwambia jambo kwa Kiswahili anakuelewa vizuri, anakujibu kwa Kiingereza. Kantibhai alimfundisha mnyororo kwa kamba ya kuanikia nguo kwenye ukumbi wa fleti yetu, na akiukosea alikuwa akimpiga kofi la mzaha kisogoni. Mtoto akajua kila kitu, kibanio, kungoja refa, uso wa ukuta. Aliuigiza uso wangu mezani mpaka mama yake akapaliwa na chai.

Alipokua akaingia chuo kimoja kidogo cha ufundi, akajiunga na timu yao. Kazi yake ilikuwa kukimbia mbele na kudaka mpira. Mwaka wake wa mwisho wakafika fainali ya Birika, kwenye uwanja wangu.

Lakini majira ya baridi ya mwaka huo huo Mwanaisha alikuwa amefariki.

Sitawaandikia habari za msiba. Nitasema tu kwamba siku ile ya fainali hapakuwa na mtu wetu hata mmoja jukwaani. Nilikuwa nimetazama pale alipozoea kukaa kabla mchezo haujaanza, maana baadaye sikuruhusiwa kutazama. Palikuwa na mzungu mmoja anakula chipsi.

Kabla ya mchezo kocha wa timu pinzani alikwenda kwa refa. Alisema haiwezekani baba wa mchezaji ashike mnyororo, na mimi sikumlaumu, ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Niliinua fimbo nimpe mtu mwingine. Kantibhai akanishika mkono. Akamwambia refa kwamba ananijua, kwamba mtu huyu hana timu, na kwamba ikionekana vinginevyo yeye mwenyewe hatarudi tena uwanjani. Refa alimheshimu sana Kantibhai. Nikabaki. Kocha yule akawa kila mara anageuka kunitazama usoni.

Sasa sikilizeni. Mchezo unaelekea kwisha, timu ya Shabani inaongoza kidogo, wana jaribio la nne. Wakipata yadi zao muda utaisha mpira ukiwa mikononi mwao na Birika ni lao. Wasipopata, wenzao wanauchukua mpira karibu kabisa na mstari wa kufungia. Mpira ukarushwa juu upande wetu. Shabani akaruka, akaudaka, akaanguka miguuni pangu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuangusha fimbo na kurudi nyuma, kama inavyotakiwa. Akainua kichwa, ana majani kwenye helmeti, amekumbatia mpira, akanitazama.

"Baba!" akasema.

Hakuwa akiniita hivyo. Alikuwa akiniita kwa Kiingereza kama watoto wote wa hapa. "Baba" lilikuwa neno la mama yake, pale alipokuwa akimtuma kwangu, nenda kamwambie baba chakula tayari.

Niliinama nikaokota fimbo. Sikumjibu. Sikumtazama hata yeye, nilitazama mpira. Refa akaomba upimwe. Tukaingia, Kantibhai nyuma ameshika kibanio, mimi mbele, mnyororo ukanyooshwa ukatetemeka, na ncha ya mpira ilikuwa imeipita fimbo kwa upana wa kiganja. Shabani alikuwa amepiga magoti pembeni ya mpira, karibu yangu kabisa, ningeweza kumgusa bega. Alikuwa akinitazama usoni, anatafuta. Yule kocha naye alikuwa akinitazama usoni, anatafuta. Nikaweka ule ukuta. Kama ningetabasamu, watu wangesema mpira ule umepimwa na baba yake. Nilitaka uwe wake mwenyewe, wote, pasiwepo mtu wa kuja kumwambia neno.

Wakashinda. Tukaosha mnyororo. Siku ile ulikuwa na matope mengi, na Kantibhai hakutaka kuharakisha. Nilipofika kwenye birika ilikuwa imebaki chai ya majani tupu, na basi la timu ya Shabani lilikuwa limeondoka. Nikapanda tramu na flaski ya Mwanaisha mapajani. Nilikuwa nimeijaza asubuhi ili tunywe baadaye, mimi na Shabani.

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Aliniambia mara moja tu, kwa Kiingereza, tukiwa tunahamisha vitu vyake, kwamba siku ile nilimtazama kama ninavyoitazama fimbo. Nikamwambia nilikuwa kazini. Akasema anajua. Akahamia Ilford, akapata kazi nzuri ya umeme, na London ikawa kubwa baina yetu. Mtanishangaa, mtasema babu, si kuna treni ile mpya inayopita katikati ya mji? Ipo. Ilikuwepo kwake na ilikuwepo kwangu. Sikukuu ya Idi alikuja, akala, akatazama saa. Mimi nilimwuliza habari za kazi, yeye akaniuliza habari za goti. Basi.

Mtasema pia kwamba ningemweleza. Nimweleze nini? Alifundishwa mnyororo tangu mdogo, alijua yote. Na sijutii, naomba mlielewe hilo. Ningesimama hivyo hivyo leo. Lakini mtu anaweza kuwa amefanya sawa na bado akala wali peke yake miaka mingi, akasikiliza redio mpaka inaanza kurudia habari, akaosha sahani moja na kikombe kimoja, na akaacha kupika maandazi kwa sababu mapishi yake ni ya watu wengi. Hakuna aliyenionya kuhusu hilo, kwa hiyo ninawaonya ninyi.

Kantibhai naye akafa. Walimchoma kwa desturi yao, nami nilisimama nyuma na wazee wa Tooting. Watu walikuwa wakilia, na mimi uso ukakataa. Nilikuwa nimeuzoeza vibaya. Mueni alinishika kiwiko akaniambia, mzee, hapa hakuna refa. Hata hivyo haukufunguka mpaka niliporudi nyumbani.

Mnyororo ukabaki kwa Mueni na mimi na wanafunzi wa kubahatisha. Vijana wazuri, lakini wana simu. Mmoja alitaka kuniaminisha kwamba simu inaweza kupima vizuri kuliko mnyororo. Akaielekeza uwanjani, simu ikasema tumesimama katikati ya bwawa la maji. Nikamwambia basi tuogelee. Kisha goti langu likagoma kabisa, na mwaka jana nikamrudishia Mueni fimbo.

Ndipo ikaja fainali ya mwaka huu. Kwa mara ya kwanza ningekaa jukwaani, ningeweza kupiga makofi mpaka yaniume. Nilinunua viti viwili vya kukunja, kwa sababu mabenchi ya pale yana unyevu. Nikamwandikia Shabani ujumbe, nikamwambia siku na saa, na kwamba nina viti viwili. Akajibu kwamba ataona. Ninyi mnajua jibu hilo lina maana gani. Hata hivyo asubuhi nilikaanga maandazi, nikajaza flaski ile, nikabeba viti vyote viwili kwenye tramu. Watu waliniona nina safari na mtu.

Nilivifungua kando kwa kando. Nikakaa. Nikaweka bakuli juu ya kile cha pili ili asije mtu akakikalia. Kila lango la uwanja lilipolia niligeuka. Wakaja wazazi, wakaja wasichana na ngoma, akaja bibi mmoja wa kizungu akaniuliza kama kiti kile kina mwenyewe. Nikamwambia kina mwenyewe, yuko njiani. Akaleta kiti chake akakaa upande wa pili. Timu zikatoka, akawa bado hajaja, na nikakiondoa kile kiti machoni pangu kwa kutazama uwanja.

Wenye mnyororo wakatoka mwisho, kama kawaida. Mueni mbele na kibao chake, sasa anatembea polepole. Nyuma yake msichana wa chuo na fimbo ya nyuma. Na nyuma kabisa, na fimbo yangu, alikuwa Shabani.

Baadaye Mueni alinieleza kwamba alikuwa amepungukiwa na mtu, na kwamba Shabani mwenyewe ndiye aliyempigia simu. Alitaka kujua kama ni kweli nitakuwa jukwaani, na kama nina mtu wa kukaa naye. Mueni alimjibu la pili hajui, lakini fimbo ya baba yako haina mshikaji. Wakati ule mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilimwona tu mtu mzima, kipara kimeanza, anatembea na fimbo ikiwa imelala begani kama alivyokuwa akiibeba Kantibhai.

Mpira wote ule sikumbuki nani alicheza nini. Nilimtazama yeye. Aliangusha fimbo kwa wakati wake, akarudi nyuma kwa wakati wake. Alikagua kibanio cha yule msichana bila kumwaibisha. Wakaitwa kupima, jaribio la nne, uwanja mzima umesimama, na yeye akaingia taratibu, akauvuta mnyororo mpaka ukakaza, hata kidole hakikucheza. Mpira ulikuwa umefika. Upande mmoja ukalipuka. Nami nikajikuta nimesimama, goti na yote, napiga makofi ambayo sikupata kupiga maisha yangu yote.

"Shabani!" niliita. "Shabani, mwanangu!"

Yule bibi akageuka. Watu wa benchi la mbele wakageuka. Yeye alikuwa akirudi pembeni, upande huu huu, sauti yangu isingeweza kumpita. Hakugeuka. Alisimika fimbo yake, akatazama mpira, na uso wake ulikuwa ukuta.

Nikaita tena. Hakugeuka.

Nilikaa chini. Yule bibi aliniuliza kwa upole kama ninamfahamu kijana yule, nikamwambia ni mwanangu, na nadhani hakuniamini. Nilijua kabisa kwa nini hakugeuka. Mimi ndiye niliyefundisha, na kama angegeuka ningemkemea. Na pamoja na kujua yote hayo, wajukuu zangu, kiliniuma kitu hapa kifuani, kikaniuma sana, kwa sababu ya mtu niliyemwita akanisikia na asinipe hata jicho. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Nikalikumbuka lile neno moja, "Baba", na yale majani kwenye helmeti yake.

Mchezo ukaisha. Birika likaletwa, walioshindwa wakanywa, washindi wakanywa, wakaanza kuchora jina kwa msumari. Jukwaa likabaki tupu. Nilikunja kiti kimoja, nikakifungua tena. Kule chini niliwaona Mueni na yule msichana wanauvuta mnyororo kwenda kwenye bomba, na Shabani akamwambia Mueni kitu, akaiweka fimbo kwenye majani. Halafu akapita kwenye meza ya birika, akaja akipanda ngazi, ana kikombe kimoja cha karatasi mkononi.

Alisimama mbele yangu. Alikuwa na matope mpaka magotini.

"Nilikusikia, Baba," alisema. Kwa Kiswahili.

Niliyatafuta maneno mengine, nikakuta yapo haya tu, na yalikuwepo miaka yote hiyo.

"Na mimi siku ile nilikuona."

Akalitoa bakuli la maandazi kwenye kiti cha pili, akaliweka mapajani mwake, akakaa. Ile chai ya birika ilikuwa imepoa, majani yamejaa chini, tukaimwaga kwenye nyasi, tukafungua flaski ya mama yake.

Mnyororo uliachiwa akina Mueni, nao walikuwa wakituangalia sisi, kwa hiyo siku ile haukuoshwa vizuri. Ninyi msije mkafanya hivyo.